Daraja litembee ao meza?

Vijana mafundi wa Shari, munaotaka kujitengenezea mashini ya kuchonga mbao inayoongozwa na ordinatere, musikimbilie kununua mota. Kiunzi kikilegea, feza ile imepotea.

Kuko namna mbili. Daraja linalobeba kisu litembee juu ya meza, ao daraja lisimame na meza itembee. Hii ya pili haitetemeki sana, lakini kwa ubao wa santimetre 60 inaomba karibu 120 za nafasi. Kwa milango, basi, daraja litembee.

Lakini muangalie! Daraja likiwa refu mara mbili, kwa uzito ule ule linapinda mara 8. Muongeze kimo chake. Na kiunzi cha mbao kinavimba wakati wa mvua, hata kikiwa cha libuyu. Mimi ningengoja miezi, ninunue chuma cha mraba.