Tusiyadharau Maswali ya Mzaha

Mzaha mzaha, walisema wahenga, hutumbua usaha. Methali hiyo nilisomewa mwaka 1992 nikiwa darasa la sita, punde tu baada ya kucharazwa viboko vitatu. Mwalimu alikuwa ametuuliza, mmoja baada ya mwingine: lau ungekuwa ndege, ungekuwa ndege gani? Wenzangu wote walijibu kwamba wangekuwa tai, maana wa kwanza alijibu hivyo na akapigiwa makofi. Zamu yangu ilipofika nikasema ningekuwa bundi, kwa kuwa bundi haamshwi alfajiri. Darasa zima likaangua kicheko, na mwalimu akaona kwamba nimemfanyia dhihaka. Walakini nilikuwa nimesema kweli tupu. Shule ilikuwa mbali, nasi kwetu tuliamshwa saa kumi za alfajiri.

Nimeyakumbuka hayo majuzi nilipokuwa nikitafuta zoezi la kuwafundishia wanafunzi wangu wa chuo kikuu hali ya masharti. Zoezi lenyewe nililipata mahali ambapo msomaji hangetarajia: katika majibu ya mwanamuziki Mwingereza David Bowie, yaliyochapishwa na jarida la Marekani liitwalo Vanity Fair mwezi wa Agosti mwaka 1998.

Maswali aliyoulizwa Bowie yana historia yake. Katika karne ya 19 vijana wa Ulaya walikuwa na mchezo wa kupeana daftari lenye maswali ya faragha: unapenda rangi gani, unachukia nini, ungependa kuishi wapi. Miaka ya 1880, Marcel Proust, ambaye baadaye alikuja kuwa miongoni mwa waandishi wakuu wa Ufaransa, alijaza daftari la namna hiyo akiwa bado mvulana. Mwenye daftari alikuwa Antoinette Faure, binti wa Félix Faure aliyekuja kuwa rais wa nchi hiyo. Kutokana na tukio hilo dogo, orodha ya maswali ya aina hii imebeba jina la Proust hadi leo, ingawa si yeye aliyeitunga. Vanity Fair lilianza kuwauliza watu mashuhuri maswali hayo mwaka 1993.

Majibu ya Bowie ni ya kuchekesha. Alipoulizwa anachokiogopa mno, alisema ni kugeuza kilomita kuwa maili. Mtu wa kihistoria anayejiona kufanana naye? Baba Krismasi. Mtu aliye hai anayemstahi zaidi? Elvis Presley. Hapo msomaji asiye makini atadhani mwanamuziki huyu hakulisikia swali, kwa maana Elvis alikuwa amefariki tangu mwaka 1977. Alilisikia vyema. Wako mashabiki ambao hawakukubali kamwe kwamba mfalme wao amekufa, na kwa neno moja Bowie aliwacheka na kujiunga nao. Tena wawili hao walizaliwa tarehe moja, 8 Januari, Elvis mwaka 1935 na Bowie mwaka 1947.

Jibu linalonipendeza zaidi kama mwanaisimu ni la swali kuhusu kaulimbiu yake. Aliulizwa kaulimbiu yake ni nini, naye akajibu kwamba "nini" ndiyo kaulimbiu yake. Watazame walimu wenzangu ustadi huo! Neno lililokuwa chombo cha kuulizia limegeuzwa likawa kitu chenyewe kinachozungumziwa. Huchukua saa nzima kumweleza mwanafunzi tofauti kati ya kulitumia neno na kulitaja neno. Hapa imeelezwa kwa pumzi moja, na bahati nzuri utani wenyewe hauharibiki ukiingia katika Kiswahili.

Hata hivyo, si majibu yote yaliyokuwa ya utani. Kuhusu mali anayoithamini kupita zote, alitaja vitu viwili: picha ya mwanamuziki Little Richard aliyoinunua mwaka 1958, ambayo sasa ilikuwa imeungwa kwa selotepu, na ua lililokaushwa alilolichuma Kyoto, Japani, wakati wa fungate yake. Mkewe, aliyemwoa mwaka 1992, ni Iman, mwanamitindo Msomali ambaye alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi alipopigwa picha na Peter Beard mwaka 1975. Basi ua hilo lina kajinasaba na kwetu. Kisha akaulizwa ni hali gani anayoiona kuwa kilele cha dhiki. Hapo hakutania. Alijibu kwamba ni kuishi kwa hofu.

Mchekeshaji akinyamaza kucheka, sharti tumsikilize. Nathubutu kusema kwamba jibu hilo lisingepatikana kwa swali zito. Lau mwandishi angemkabili akimtaka aeleze falsafa yake ya maisha, yamkini angepewa hotuba. Utani ndio uliomfungua.

Niliwapa wanafunzi wangu maswali kumi ya aina hiyo, yote yakihitaji kiambishi -nge-. Kiingereza, kikitaka kutaja jambo lisilokuwapo, huazima umbo la wakati uliopita. Kiswahili kimejitengenezea kiambishi chake mahususi kwa ajili ya ndoto. Vitabu vya sarufi hutuonya tusikichanganye -nge- na -ngali- katika sentensi moja, nami nilitarajia kusahihisha makosa ya namna hiyo. Kumbe sarufi yao ilikuwa safi. Ila mmoja aliinua mkono akauliza, kwa adabu kubwa: "Samahani Daktari, jibu sahihi la swali la tatu ni lipi?" Swali la tatu lilikuwa: ungeweza kubadilisha jambo moja katika nafsi yako, ungebadilisha nini?

Sikucheka. Kijana huyo amepita miaka mingi ya shule akikariri mianzo ya insha iliyokwisha kupata alama kwa wengine, na hajawahi kuulizwa jambo ambalo yeye peke yake ndiye mwenye jibu lake. Nilikumbuka tai wale thelathini na kitu wa mwaka 1992. Hawakuwa wapumbavu, walikuwa wameona fimbo mezani.

Nikamwambia asahihishe mwenyewe. Alikaa kimya dakika nyingi, halafu akaandika kwamba angebadilisha sauti yake, kwa sababu kila anapozungumza huwa anamsikia babake. Tangu siku hiyo, maswali kama haya huyasahihisha kwa -nge- peke yake. Yaliyosemwa kwayo siyatilii alama.

Bowie alifariki tarehe 10 Januari mwaka 2016. Katika orodha ile aliulizwa pia sifa anayoipenda zaidi kwa mwanamume, akajibu kwamba ni uwezo wa kurudisha vitabu. Jibu hilo nimelinakili kwa herufi kubwa na kulibandika kwenye mlango wa ofisi yangu. Ni wiki ya tatu sasa, na kamusi yangu bado haijaonekana.