Kwaya Safarini: Msiimalize Sauti Kabla ya Kisumu

Msomaji, hebu tuseme wewe na wenzako kumi mmealikwa kuimba katika tamasha la mkesha wa Krismasi mjini Kisumu. Mmefanya mazoezi tangu Oktoba, sare zimeshonwa na matatu ya kukodi imepatikana. Mnadhani kazi imekwisha? La hasha! Kilomita zipatazo 350 kutoka Nairobi zaweza kuila sauti yote mliyoitayarisha.

Adui wa kwanza ni furaha yenyewe. Gari halijapita Kangemi, ngoma imeshatolewa, na kufika Naivasha mmeimba nyimbo zote za tamasha mara mbili. Anayeimba garini hushindana na injini, upepo wa dirishani na redio ya dereva, naye hupaza sauti bila kujijua. Nyuzi za sauti zikichoka huvimba, na zikivimba, noti za juu ndizo hutoroka kwanza. Waulize waimbaji wa soprano! Pigeni gumzo la kawaida, chezeni karata, laleni. Nyimbo zingojee.

Kisha kuna hali ya hewa. Limuru, iliyo zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, huwapokea kwa ukungu na baridi. Mnateremka Bonde la Ufa kwenye vumbi, mnapanda tena hadi Mau Summit, mvua ya Kericho inawanyeshea, halafu Ahero inawakaribisha kwa joto. Koo hupitia yote hayo kwa siku moja. Kunyweni maji kidogo kidogo tangu asubuhi, kwani maji hayaendi moja kwa moja kwenye nyuzi za sauti. Hupitia tumboni na kwenye damu kwanza. Chupa inayofunguliwa jukwaani imechelewa. Najua wapo wanaokataa kunywa kwa kuogopa kuomba gari lisimame. Basi kubalianeni mapema na dereva kusimama Naivasha, Nakuru na Kericho, wala asionekane mtu msumbufu.

Ngoma nayo ni mwimbaji. Unyevu huilegeza ngozi yake, kwa hiyo ifungeni vizuri na mkifika muianike juani. Gitaa lisiwekwe juu ya paa la gari, na lipumzike kwenye joto la Kisumu kabla ya kukazwa nyuzi. Mkikosa nafasi ya vipaza sauti vile vikubwa, viacheni nyumbani. Wimbo wa “Usiku Mtakatifu” uliimbwa mara ya kwanza tarehe 24 Desemba 1818 kule Oberndorf, Austria, na watu wawili kwa gitaa moja, bila umeme wowote.

Lakini sauti si kitu mbele ya uhai. Kati ya Nakuru na Mau Summit mtapita Salgaa na Sachangwan, penye mteremko mrefu na malori mazito. Alfajiri ya tarehe 31 Desemba 2017, basi na lori viligongana Migaa, hapo karibu, na watu 36 wakafariki. Siwatishi, nataka mjue kwa nini safari ya usiku “ili tuokoe pesa za kulala” ni akiba ghali mno. Ondokeni tarehe 23, saa kumi na mbili asubuhi. Binamu ya mtu akitaka kubanwa kwenye kiti kilichojaa, apande basi. Dereva akikimbia, mmoja wenu amwambie, na wengine wasimcheke huyo kwa kuitwa mwoga. Afadhali mchague mapema nani atasema, awe mtu ambaye hata dereva atamwonea haya.

Pesa nazo huvunja urafiki kuliko noti mbovu. Kabla ya kuondoka, ulizeni waziwazi: mwenyeji analipa nauli ya kwenda na kurudi, au ya kwenda tu? Dereva atalala wapi, na nani atamlisha? Jibu liandikwe, hata kama mwenyeji ni mjomba wa mpiga kinanda. Desemba magari ni adimu na nauli hupanda, na kwaya iliyokwama stendi ikichangishana sarafu huanza kukumbushana nani alikosa mazoezi.

Mkifika jioni, kuleni samaki, ogeni, mlale mapema. Kesho yake, saa moja kabla ya kupanda jukwaani, anzeni kwa kuvumisha midomo ikiwa imefumbwa, taratibu, besi kwanza.