Matembezi ya Siku Moja Mlima Elgon: Waliotoka Pamoja Warudi Pamoja

Kila mwisho wa juma barabara ya kutoka Mbale kwenda Kapchorwa hupokea wasafiri wa namna nyingi. Wako wanafunzi waliokodi teksi kwa mchango, familia zilizobanana katika gari moja, vikundi vya makanisa na vya wafanyakazi, na jirani zetu wa Kenya waliotoka Kitale wakavuka mpaka pale Suam. Wengi huelekea Sipi kuyatazama maporomoko yake matatu ya maji, ambayo refu kuliko yote lina takriban mita 100. Wengine hupanda Wanale, juu ya mji wa Mbale, au huingia katika misitu ya Hifadhi ya Taifa ya Mlima Elgon. Wote hutoka asubuhi wakitarajia kulala nyumbani.

Matembezi haya yana manufaa. Huimarisha afya na udugu, na huwapatia riziki waongozaji, wauza kahawa na akina mama wanaochoma mahindi kando ya barabara. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Hata hivyo, safari ya siku moja ina hatari yake ya pekee: watu huiona ndogo. Anayekwenda safari ya siku nne kupanda kilele cha Wagagai, chenye mita 4,321, hubeba tochi, chakula na nguo nzito, na huaga jamaa zake. Anayekwenda kwa siku moja hubeba simu tu, tena yenye chaji nusu. Kwa sababu hiyo tunaeleza hapa namna ya kuifanya safari fupi iishe salama, na sababu ya kila jambo tunaloliomba.

Kabla ya kuondoka

Acheni taarifa kwa mtu mmoja anayebaki nyumbani. Taarifa hiyo iwe na mambo matano: majina na idadi ya wasafiri, namba ya gari, mahali mnapokwenda, njia mtakayopita, na saa mnayotarajia kurudi. Hatuyaombi haya kwa upekuzi. Mlima ni mpana na mabonde yake ni mengi. Askari asiyejua njia mliyoshika hana pa kuanzia kuwatafuta. Saa ya kurudi ikipita na simu zenu hazipatikani, mtu huyo atoe taarifa polisi mara moja. Asingoje kupambazuke, wala asingoje siku nzima ipite.

Kila msafiri awe na maji, sweta, koti la mvua, tochi na filimbi. Joto hupungua kwa wastani wa nyuzi sita hivi kwa kila mita 1,000 mnazopanda. Aliyetoka Mbale akiwa na jasho anaweza kutetemeka kwa baridi mlimani, hasa akiwa amelowa.

Saa ya kugeuka

Kila kikundi kikubaliane, kabla ya hatua ya kwanza, saa ambayo lazima kigeuke hata kama hakijafika kilikokusudia. Hesabu yake ni nyepesi. Tuseme mnaanza kutembea saa tatu asubuhi na mnataka kuwa barabarani saa kumi alasiri. Hizo ni saa saba. Nusu yake ni saa tatu na dakika thelathini. Basi mgeuke ifikapo saa sita na nusu mchana, mkiwa mmefika au hamjafika.

Watu husema kuteremka ni haraka kuliko kupanda. Sivyo daima. Mchana mvua hunyesha mara nyingi mlimani, njia ikawa tope, na magoti yaliyochoka huteleza. Tena sisi tunaishi karibu na Ikweta, ambako jua likishazama giza huingia kwa muda mfupi sana. Aliyebaki msituni jua likizama hana jioni ndefu ya kumsaidia.

Mwendo wa kikundi uwe mwendo wa aliye dhaifu kuliko wote. Mtembea haraka asitangulie peke yake, na mchovu asiachwe chini ya mti eti atachukuliwa wakati wa kurudi. Teueni mtu wa mbele na mtu wa nyuma, na kila penye njia panda mhesabiane. Akipungukiwa mmoja, wote wasimame.

Mlimani na kandokando ya maji

Miamba iliyo karibu na maporomoko ya maji hulowa daima na kuota ukoka utelezao. Msisogee ukingoni kwa ajili ya picha. Mto nao unaweza kufurika ghafla ingawa hapo mliposimama jua linawaka, kwa kuwa mvua imenyesha juu mlimani. Maji yakibadilika rangi na kuanza kubeba majani na vijiti, tokeni mtoni upesi.

Mvua ikiwa imenyesha siku kadhaa mfululizo, ahirisheni safari. Wakazi wa eneo hili hawahitaji kukumbushwa maporomoko ya ardhi ya Nametsi, Bududa, ya mwezi Machi 2010, wala yale ya Bulambuli ya mwezi Novemba 2024. Mteremko uliowazika wenyeji haumjui mgeni.

Ndani ya hifadhi, ingieni kupitia lango na mwende pamoja na mwongozaji au askari wa wanyamapori. Mwenzenu akipotea, asizungukezunguke: akae mahali pamoja na kupiga filimbi mara tatu, atulie, kisha arudie.

Mnaposimama barabarani

Barabara ya milimani ina kona na miteremko mirefu. Dereva ashuke kwa gia nzito, asiegemee breki peke yake, kwani breki zikipata moto sana hupoteza nguvu. Msisimame kwenye kona wala kwenye mteremko hata kama mandhari yanavutia; dereva wa lori anayetokea nyuma hatawaona mapema. Simameni kwenye senta, kituo cha mafuta au uwanja ulio nje kabisa ya barabara. Kwa kuwa sisi huendesha upande wa kushoto, abiria washukie mlango wa kushoto, na watoto washikwe mkono.

Gari likiharibika, wekeni pembetatu za kuakisi mwanga mbele na nyuma, mbali na gari. Abiria watoke garini na kusimama nje ya barabara. Mkitumia matawi ya miti au mawe kama ishara, yaondoeni kabla ya kuondoka: jiwe lililoachwa njiani linaweza kumuua mwendesha bodaboda usiku.

Msipokee chakula wala kinywaji kutoka kwa msafiri msiyemjua, maana wezi hutumia dawa za kulevya kuwalaza watu. Dereva asinywe pombe hata kidogo. Na kabla gari halijaondoka, hesabuni watu.

Mnapovuka mpaka

Tangu mwaka 2014, raia wa Uganda, Kenya na Rwanda wanaweza kusafiri baina ya nchi hizi tatu kwa kitambulisho cha taifa. Hii haina maana kwamba kila njia ya miguu ni mlango. Vukeni pale palipo na maofisa wa uhamiaji, kama vile Suam, Lwakhakha, Malaba au Busia. Mwenye gari apitie pia forodha, na awe na bima inayotambuliwa ng'ambo, yaani Kadi ya Njano ya COMESA. Msiichanganye na kadi ya chanjo ya homa ya manjano, ambayo ni kitu kingine. Mtoto anayesafiri bila wazazi wake awe na barua yao ya idhini.

Kumbukeni vilevile kwamba karibu na mpaka simu inaweza kushika mtandao wa nchi jirani. Mkipiga 999 au 112, huenda simu ikapokelewa na polisi wa upande wa pili. Kwa hiyo, kabla ya kueleza shida, tajeni nchi mliyopo, wilaya au kaunti, na kijiji au senta iliyo karibu.

Kwa wenyeji

Ninyi mnaoishi kando ya njia za mlimani huwaona wageni kabla yetu. Mkiona kikundi kinapanda alasiri bila mwongozaji, kiambieni kwamba giza li karibu. Mkiona gari limekaa njiani hadi usiku na mwenyewe haonekani, mjulisheni mwenyekiti wa LC 1 au kituo cha polisi kilicho karibu. Mkimkuta mtu aliyepotea, mpeni moto na maji, na mtume habari; msimpekue wala kumshika kama mhalifu kwa sababu tu lugha yake ni ngeni. Mara nyingi dakika chache za mwenyeji huokoa saa nyingi za msako.

Nasi tunawaomba wasafiri jambo moja la mwisho. Mkifika nyumbani salama, mpigieni simu yule mliyemwachia taarifa, ili asikae macho usiku akiwasubiri, wala askari asitumwe mlimani kuwatafuta watu waliokwisha kulala.