Kanieneo: Kutoka Paundi za Tairi hadi Bari za Mzamiaji

Kwa fundi wa pancha kandokando ya barabara kuu itokayo Mombasa kuelekea Malindi, mteja huagiza tairi litiwe "paundi thelathini na mbili", na hakuna anayeshangaa. Kauli hiyo, hata hivyo, ni mkato. Kinachopimwa hapo si uzito wa upepo uliomo tairini, bali ni kani ambayo upepo huo unasukumia kila inchi mraba ya ukuta wake. Mazungumzo ya kila siku yameliacha eneo, yakabakisha paundi peke yake. Mteja na fundi hawapati hasara, kwani wote wawili wanatazama geji ileile. Hasara humfika mfasiri.

Tuchukulie kwamba mfasiri amepewa kijitabu cha gari, naye ameazimia kuondoa vipimo vya Kiingereza. Anajua kuwa paundi moja ni kilo 0.4536. Anazidisha, kisha anaandika "kilo 14.5". Kuzidisha kwake ni sahihi, lakini tafsiri ni ya hatari. Zipo geji zinazosoma kilo kwa sentimita mraba, na kilo 14.5 katika geji ya namna hiyo ni zaidi ya paundi 200 kwa inchi mraba. Tairi la gari dogo halikuundwa kustahimili kiasi hicho.

Hapa ndipo istilahi *kanieneo* inapostahili sifa kuliko *presha*, *shinikizo* au *mgandamizo*. Maneno hayo matatu yanataja hali ya kubanwa tu. *Kanieneo* limeundwa kwa *kani* na *eneo*, na kwa hiyo linabeba fasili yake lenyewe: kani iliyogawanywa kwa eneo. Anayelitumia hawezi kusahau kwamba kuna vitu viwili vya kugeuzwa. Kani ya paundi moja ni nyutoni 4.448, inchi mraba moja ni mita mraba 0.00064516. Gawanya ya kwanza kwa ya pili, utapata takriban paskali 6,895. Paskali, yaani nyutoni moja kwa mita mraba, ni ndogo mno kwa tairi, hivyo husemwa kilopaskali: paundi 32 ni kilopaskali 221 hivi, au bari 2.2, kwa kuwa bari moja ni kilopaskali 100.

Tukishuka baharini, suala linakuwa zito zaidi. Hifadhi ya Bahari ya Watamu, iliyoanzishwa mwaka 1968 pamoja na ile ya Malindi, huvutia wazamiaji wa mataifa mengi. Aliyefunzwa Ulaya aghalabu husoma mtungi wake kwa bari, na aliyefunzwa Marekani kwa paundi kwa inchi mraba. Mtungi wa bari 200 ni paundi 2,900 hivi. Wa kwanza huzoeshwa kurudi juu akiwa amebakiwa na bari 50. Wa pili mara nyingi hutajiwa paundi 500. Tarakimu hizo zafanana kana kwamba ni kanuni moja iliyoongezewa sifuri, ilhali bari 50 ni paundi 725, na paundi 500 ni bari 34 tu. Anayetafsiri maelekezo hayo kwa kubadili jina la kipimo na kuacha tarakimu kama zilivyo anampunguzia au kumwongezea mtu pumzi.

Liko pia swali la mahali sifuri inapoanzia. Geji ya tairi lililopasuka husoma sifuri, ingawa ndani yake mna hewa ya bari moja kama iliyotuzunguka sote. Geji hiyo huhesabu ziada tu. Mzamiaji hana budi kuhesabu jumla: kila mita 10 za maji huongeza takriban bari moja, kwa hiyo akiwa mita 20 chini amebanwa na bari 3, si 2. Kila pumzi huko humaliza hewa ya mtungi mara tatu ya ile ya juu. Kugeuza bari kuwa paundi kabla ya kuuliza ni ziada au ni jumla ni kuanza safari bila kujua bandari.

Kwa watabiri wa hali ya hewa kazi ni nyepesi. Hektopaskali moja ni milibari moja kamili, na kanieneo ya wastani ya hewa usawa wa bahari, 1013.25, ni ileile kwa majina yote mawili. Kaskazi na kusi zilizoendesha majahazi ya pwani hii huzaliwa na tofauti ya kanieneo ya hewa baina ya Asia na bahari.

Si kila kipimo kinahitaji kugeuzwa. Zahanatini husemwa "120 kwa 80", na kipimo, yaani milimita za zebaki, hakitajwi kabisa. Kwa kilopaskali ingekuwa 16 kwa 10.7. Hesabu hiyo haina kasoro, ila muuguzi wa Kilifi akiikuta katika kadi ya mgonjwa atadhani mtu huyo yu mahututi. Hapo mfasiri aziache milimita zake, na aandike jina lake kwa ukamilifu.