Kiatu cha mtoto na njia ya mlimani: tupime mwendo kabla ya bei

Kila Januari, kabla ya shule kufunguliwa, wazazi wa Kasulu na Kibondo hukutana na swali moja sokoni: nimnunulie mwanangu kiatu gani? Daftari, sare na ada ya madrasa vyote vinangoja mfuko ule ule, na kiatu mara nyingi huja mwisho. Ndiyo maana huchaguliwa kwa bei peke yake. Lakini kwa mtoto anayepanda na kushuka vilima kila siku, kiatu cha bei ndogo mara nyingi ndicho kinachomla mzazi fedha nyingi zaidi, na kumla mtoto miguu pia.

Dini yetu haikulidharau jambo hili. Imam Muslim amepokea kutoka kwa Jabir (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.), akiwa katika msafara wa vita, aliwahimiza Masahaba wawe na viatu kwa wingi, akamfananisha aliyevaa viatu na mtu aliyepanda mnyama. Imam Nawawi ameeleza kuwa mfano huo unahusu kupungua kwa taabu na uchovu, na kusalimika kwa mguu na miiba na mawe. Kwa hiyo kiatu ni kipando cha asiyekuwa na kipando.

Tuanze na mwendo wenyewe. Mtoto anayeishi kilomita 4 kutoka shuleni hutembea kilomita 8 kwa siku. Mwaka wa masomo una siku 194 hivi. Zidisha, utapata kilomita 1,552, na hapo hatujahesabu safari za madrasa, kisimani na dukani. Reli yote kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma haizidi sana kilomita 1,250. Kiatu cha mtoto wa Heru Juu au Mabamba kinadaiwa safari ndefu kuliko reli hiyo, tena katika udongo mwekundu unaoteleza wakati wa masika na kuwa mgumu kama tofali wakati wa kiangazi.

Kukaa sawasawa mguuni

Sifa ya kwanza ni kiatu kumtosha aliyekivaa. Mwaka 1960, Abebe Bikila wa Ethiopia alishinda mbio za marathoni za Olimpiki mjini Roma akiwa peku, na inasimuliwa kuwa viatu alivyopewa vilimbana. Miaka minne baadaye, mjini Tokyo, alivaa viatu na akashinda tena. Kiatu kisichotosha ni mzigo, hata kikiwa kipya.

Wazazi wengi hununua kiatu kikubwa kwa hoja kwamba mtoto atakua. Nia ni njema, lakini kiatu kinachopwaya husugua kisigino na kuleta malengelenge, na mteremkoni mguu husogea mbele hadi vidole vikagonga ncha. Kinachobana nacho huumiza kucha na kukunja vidole. Kipimo cha wastani ni nafasi ya upana wa kidole gumba cha mkono mbele ya kidole kirefu cha mguu, mtoto akiwa amesimama na soksi atakazovaa. Pima jioni, kwa kuwa mguu huvimba kidogo baada ya kazi ya mchana. Pima miguu yote miwili, kisha ufuate ule mkubwa. Kama mtoto hawezi kwenda sokoni, chora wayo wake kwenye karatasi uende nayo.

Starehe ya njiani

Hapa kila aina ina fadhila yake na aibu yake. Yeboyebo ni nyepesi, huoshwa kwa maji na kukauka upesi, na humfaa mtu wakati wa kutawadha. Lakini hufanya mguu utoke jasho, na jasho likichanganyika na maji mguu huteleza ndani ya kiatu chenyewe. Kandambili hutaka vidole viishike kila hatua. Nyumbani inatosha, ila kwenye mteremko wenye tope mkanda huchomoka na mtoto akaanguka. Gambuti hushinda tope kuliko vyote, lakini ni nzito, hazipitishi hewa, na kisigino hucheza ndani yake.

Raba za turubai ni nyepesi na hukunjika na mguu, ila soli yake nyembamba humfanya mtoto ahisi kila jiwe. Kiatu cheusi cha ngozi huulinda mguu vizuri, lakini soli nyororo haishiki udongo uliolowa.

Katika mafungu ya mitumba hukutwa pia viatu vilivyotengenezwa kwa ajili ya wakimbiaji wa njia za milimani. Utavitambua kwa soli yenye meno marefu yaliyoachana, ncha iliyoimarishwa kwa mpira, na kisigino kigumu kinachoshika mguu. Kwa vilima vyetu hakuna soli inayofaa zaidi. Uliza kwanza kama shule inakubali rangi yake, kwa kuwa shule nyingi hutaka viatu vyeusi.

Tukumbuke pia kwamba starehe ni pamoja na afya. Vimelea vya minyoo ya safura huingia mwilini kwa kupenya ngozi ya mguu uliokanyaga udongo mchafu, na funza hujichimbia katika nyayo na vidole. Kiatu kilichofunika mguu wote hukinga kuliko ndala. Mzazi anayemfundisha mtoto kupitisha kidole kati ya vidole vya miguu anapotawadha, basi aangalie hapo hapo kama kuna jeraha au funza.

Kudumu

Kwa uimara wa soli, katambuga za tairi hazina mpinzani. Soli hubaki hata mikanda ikakatika, na fundi huirudishia kwa misumari michache. Upungufu wake ni uzito, ugumu, na vidole kubaki wazi.

Viatu vya kukimbilia navyo vina ukomo. Hukadiriwa kutumika kati ya kilomita 500 na 800 kabla ya sponji ya ndani kulala. Mtoto wetu wa kilomita 8 kwa siku huufikia mpaka huo ndani ya miezi michache ya masomo. Mtumba umeshatembea sehemu ya safari hiyo, kwa hiyo uchunguze. Bonyeza soli kwa kidole. Ikiwa ngumu kama ubao, sponji imekwisha. Kunja kiatu, kinapaswa kukunjika kwenye vidole, si katikati. Kiweke juu ya meza. Kikilala upande, kimefuata mwendo wa mwenyewe wa kwanza. Gundi ikiwa imeanza kuachia, mpeleke kwa fundi ashone soli kuzunguka kabla mtoto hajakivaa. Tope lioshwe jioni, na kiatu kikaushwe kivulini, kamwe si jikoni karibu na moto, kwa kuwa joto huachisha gundi na kukausha ngozi.

Hesabu ya mzazi na ya msikiti

Tuchukue mfano wa hesabu tu. Kiatu cha shilingi 10,000 kikidumu miezi 2, kila mwezi umelipa 5,000. Kiatu cha 30,000, pamoja na 2,000 za fundi, kikidumu miezi 8, kila mwezi umelipa 4,000, na mtoto hakukaa nyumbani akisubiri kingine.

Hesabu hii inazihusu pia kamati za misikiti zinazogawa sadaka kwa mayatima. Kwa shilingi 300,000 za mfano wetu, tutanunua jozi 30 dhaifu au jozi 10 imara. Orodha ya watoto 30 inapendeza kusomwa baada ya swala ya Ijumaa, lakini masika yakifika, wengi wao watakuwa peku. Tulio katika kamati tuulize kwanza nani anatembea mbali. Anayekaa jirani na shule yeboyebo yaweza kumtosha. Anayevuka bonde na mto apewe kiatu cha kumfikisha. Tupime miguu kabla ya kununua, tutenge kiasi kwa ajili ya fundi, na tuombe familia zilete viatu vilivyowabana watoto wao vikiwa bado vizima. Qur'an imetukataza kukusudia kutoa kibaya ambacho sisi wenyewe tusingekipokea ila kwa kufumba macho (al-Baqara, 267). Amri hiyo haikuviacha viatu nje.

Wabillahi tawfiq.