Zikri na Jina la Utumwa

Katika karne ya 19, mateka waliovushwa Ziwa Tanganyika kutoka Manyema waliteremshwa Ujiji wakiwa wameshapoteza ukoo na jina. Jina jipya lilikuwa moja tu: mtumwa. Baadhi walibaki mjini wakajiita waungwana, yaani watu huru, ingawa kujiita ni jambo moja na kukubaliwa ni jingine.

Mlango mpana wa kukubaliwa ulikuwa twarika ya Kisufi ya Kadiria. Anayeingia humpa shehe mkono wa baia, yaani ahadi ya utii, kisha hujiunga na halka, duara la zikri: bega kwa bega, pumzi zikipanda na kushuka pamoja, jina la Mungu likirudiwa mpaka sauti ya mmoja haitambulikani tena. Masufi huita kuyeyuka huko kwa nafsi fanaa. Hofu ya kukataliwa nayo hukosa pa kushika.

Mfano mkubwa wa aliyepita mlango huo uko Bagamoyo. Yahya bin Abdallah, maarufu Shehe Ramiya, alitekwa Manyema akiwa mtoto, akanunuliwa na Amir bin Sulaiman al-Lamki. Alisoma, akawa khalifa wa Kadiria, na maulidi yake yakavuta umati. Alifariki mwaka 1931, miaka 9 baada ya sheria kufuta utumwa Tanganyika.