Kurithi Kichocho? Jeni za Kinga ya Mwili na Wepesi wa Kuambukizwa katika Mwambao wa Ziwa Victoria

1.0 Utangulizi

Katika visiwa na vijiji vya wavuvi vya Mkoa wa Mwanza, kichocho cha tumbo ni ugonjwa uliozoeleka. Hata hivyo, watu wanaooga na kuchota maji mahali pamoja hawaathiriki sawasawa: mmoja huwa na minyoo wachache, mwingine wengi, ini la mmoja huharibika, la mwenzake husalimika. Makala haya yanafafanua mchango wa jeni katika tofauti hiyo, na kuonyesha jinsi kitenzi "kurithi" kinavyoweza kuupotosha ufafanuzi wenyewe.

2.0 Kimelea na Mwili

Kichocho cha tumbo husababishwa na mnyoo aitwaye Schistosoma mansoni. Lava wake hutoka katika konokono wa majini na kupenya ngozi ya binadamu. Minyoo waliokomaa huishi kwa miaka katika mishipa ya damu ya utumbo, wakitaga mayai. Madhara makubwa hutokana na mayai yanayonasa katika ini, ambako mapambano ya kinga ya mwili dhidi yake huacha makovu.

Miongoni mwa silaha za mwili ni kingamwili za aina ya E na chembe nyeupe za damu ziitwazo eosinofili. Hizi huchochewa na protini za ishara, zikiwamo intaleukini 4, 5 na 13, ambazo jeni zake zimo katika kromosomu ya 5. Mwaka 1996, utafiti wa familia za Brazil ulihusisha eneo hilohilo na wingi wa minyoo. Mwaka 1999, utafiti wa Sudan ulihusisha makovu makali ya ini na eneo la kromosomu ya 6, jirani na jeni ya kipokezi cha intaferoni gama. Kwa hiyo, wepesi wa kuambukizwa na wepesi wa kudhurika ni mambo mawili.

Katika ziwa hilohilo, huko Kisumu, utafiti uliochapishwa mwaka 2002 uliwahusu waosha magari wanaosimama majini kila siku. Baada ya kutibiwa mara kwa mara, baadhi yao walijenga ukinzani, wengine wakaendelea kuambukizwa. Tofauti hiyo pekee haithibitishi urithi, kwani hali ya afya na idadi ya tiba pia huchangia.

3.0 Tatizo la Istilahi

Katika matumizi ya kawaida, mtu hurithi shamba, ng'ombe au jina. Kirithiwacho hupokewa kizima. Msikiaji wa "amerithi kichocho" huelewa kwamba ugonjwa umetoka kwa mzazi, kama isemwavyo kuwa mtoto wa nyoka ni nyoka. Ukoo mzima waweza kunyanyapaliwa. Neno "kinga" nalo hutaja uwezo wa mwili na pia hatua za kujihadhari. Anayeambiwa kuwa "ana kinga ya kuzaliwa" aweza kuikataa prazikwanteli. Inafaa kusema "kurithi wepesi wa kuambukizwa" na "ukinzani wa mwili".

4.0 Hitimisho

Hakuna anayezaliwa na kichocho kwa sababu ya jeni zake. Asiyegusa maji yenye lava hakipati, hata awe na jeni za namna gani. Jeni huchangia kuamua mwili utaukabilije mnyoo. Choo, maji salama na dawa huamua kama watakutana, na kwa muda gani. Istilahi inayoficha ukweli huo humwondolea msomaji sababu ya kuchukua hatua.